Dizeli ya Mimea na Suala la Umilikaji: Mafunzo ya Bagamoyo

Kila mara bei ya mafuta inapopanda katika soko la dunia, hoja moja hurudi miongoni mwetu. Ilisikika baada ya 1973, ikasikika tena baada ya 1979, na kati ya 2005 na 2008 ikawa wimbo wa kila semina. Hoja yenyewe ni kwamba nchi isiyo na visima vya mafuta inaweza kuyalima mafuta yake shambani. Kiufundi, hoja hii ni ya kweli. Lakini jambo lililo kweli kiufundi laweza kugeuzwa kuwa chombo cha unyonyaji ikiwa swali la kwanza la kisiasa halikuulizwa: nani anamiliki shamba, nani anamiliki kinu, na nani anashika ufunguo wa pipa?

Katika makala haya tunakusudia kulichambua swali hilo kwa kutazama yaliyotokea Bagamoyo na Mkoa wa Pwani kwa jumla. Hatukosoi kwa ajili ya kulaumu. Tunakosoa ili tujisahihishe, kwa maana makosa tutakayoyataja hayakutendwa na wageni peke yao.

Ufundi wenyewe

Kada hawezi kulichambua jambo asilolijua. Kwa hiyo tuanze na kitu chenyewe.

Injini ya dizeli haikuzaliwa mtumwa wa mafuta ya ardhini. Katika Maonyesho ya Paris ya 1900 injini ya namna hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Tatizo la mafuta ya mimea ni uzito wake: ni mazito kuliko dizeli, na katika injini za kisasa huziba nozeli. Ili kuyafanya mepesi huchanganywa na methanoli na kiasi kidogo cha kostiki soda, yakiwa na joto la nyuzi 50 hadi 60. Baada ya saa kadhaa gliserini hutuama chini, na juu hubaki dizeli ya mimea, ambayo huoshwa kwa maji na kukaushwa. Si kazi ya miujiza. Mtu anayejua kutengeneza sabuni amekwisha kuielewa nusu yake. Lakini methanoli ni sumu na hushika moto upesi, na sisi huinunua kutoka nje. Jambo hili tutalirudia.

Pwani yetu ina mimea ya mafuta tangu zamani. Nazi, na mbata inayotokana nayo, zilikuwa bidhaa ya Bagamoyo kabla ya mkoloni kuweka bendera. Mbono kaburi, mti uliopandwa kuwa uzio na alama ya makaburi, mbegu zake hazifai kuliwa na mtu wala mnyama, lakini mafuta yake yanawaka na yanatoa sabuni nzuri.

Na ushahidi wa kwamba umma waweza kujitegemea kwa njia hii upo. Katika kisiwa cha Bougainville, nchini Papua New Guinea, wananchi waliufunga mgodi mkubwa wa shaba wa kampuni ya kigeni mwaka 1989, wakazingirwa kwa meli za kivita. Dizeli haikuingia. Wakakuna nazi zao, wakakamua, na magari yakatembea kwa mafuta ya nazi. Tuzingatie hali iliyowezesha jambo hilo: minazi ilikuwa yao, kazi ilikuwa yao, na safari zilizofanywa na magari hayo zilikuwa kwa mahitaji yao. Vitu hivyo vitatu ndivyo vilivyokosekana kwetu.

Kosa la kwanza: kumngojea mwekezaji mkubwa

Mwaka 2006 Serikali iliunda kikosi kazi cha kushughulikia nishati itokanayo na mimea. Mwongozo wa kusimamia shughuli hizo ulitolewa mwaka 2010. Kati ya miaka hiyo miwili kampuni za Ulaya zilikuwa zimekwisha kuingia, zikasaini, zikapima na kufyeka. Mwongozo ulikuja kama mganga aliyefika baada ya mazishi.

Hazikuja kwa sababu mashine ya kusaga ya Makurunge ilikosa mafuta. Zilikuja kwa sababu Umoja wa Ulaya ulikuwa unaelekea kuzitaka nchi wanachama zitumie nishati jadidifu kwa asilimia 10 katika usafiri ifikapo 2020, amri iliyopitishwa mwaka 2009. Ulaya ilikuwa na magari mengi na ardhi chache. Afrika ikahesabiwa kuwa na ardhi nyingi na watu wasio na sauti. Huo ndio uliokuwa msingi wa mambo yote.

Bagamoyo ilikuja SEKAB, kampuni ya Sweden, ikitaka kulima miwa karibu na Mto Wami na kutengeneza ethanoli, ambayo ni nduguye dizeli ya mimea kwa upande wa petroli. Ardhi iliyolengwa ilikuwa ya iliyokuwa Ranchi ya Zanzibar Bagamoyo, yaani RAZABA, kiasi cha hekta 20,000. Katika vitabu ardhi hiyo ilikuwa ya ranchi. Katika hali halisi kulikuwa na watu waliokuwa wakilima, wakichunga na kuchoma chumvi humo, na wengine wakidai kuwapo kabla ya ranchi yenyewe. Mwaka 2009 SEKAB ilijitoa. Mradi ukanunuliwa na kampuni nyingine ya Sweden na kuitwa EcoEnergy. Hati ilitolewa 2013. Shirika la misaada la Sweden lililokuwa likiuunga mkono likajiondoa 2015. Serikali ikafuta hati 2016. Kampuni ikashtaki mbele ya usuluhishi wa kimataifa, na mwaka 2022 uamuzi ukatoka kwamba Tanzania ilipe fidia. Sehemu ya ardhi hiyo leo ina shamba la miwa la kampuni ya Kitanzania, na kinachozalishwa ni sukari.

Tuihesabu biashara hiyo kwa hesabu ya mkulima. Ethanoli: hakuna hata lita moja iliyofika kwenye tangi la gari la Mtanzania. Wakazi: miaka zaidi ya 10 bila kujua kama wapande mnazi, mti unaotaka miaka kadhaa kabla ya kuzaa, au wapande mihogo tu kwa sababu kesho watahamishwa. Taifa: deni. Jembe halikuingia ardhini kwa kiasi cha maana, lakini karatasi ilizaa.

Kisarawe, katika mkoa huohuo, funzo ni kali zaidi kwa sababu kule ardhi ilikuwa ya vijiji bila ubishi. Kampuni ya Sun Biofuels ya Uingereza ilipata zaidi ya hekta 8,000 kutoka vijiji 11 kwa ajili ya mbono kaburi. Waliahidiwa visima, zahanati na ajira. Mwaka 2011 kampuni ilishindwa, na mamia ya wafanyakazi wakaachishwa. Hapa ndipo penye kiini. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ili mgeni apewe ardhi ya kijiji, ardhi hiyo lazima kwanza ihaulishwe iwe ardhi ya jumla. Kampuni inapokufa, ardhi hairudi yenyewe kijijini. Mwekezaji huja na kuondoka, lakini kijiji hupoteza mara moja tu, nayo hutosha.

Kosa la pili: kudhani kinu kidogo ni ukombozi

Wapo ndugu zetu, hasa vijana wa vyuo, walioyaona hayo na kukimbilia upande wa pili. Wanasema: achana na makampuni, kipe kila kijiji kinu cha kukamulia na pipa la kuchanganyia, na ukombozi wa nishati umepatikana. Tunaiheshimu nia yao, lakini tunaikosoa fikra yao, kwa sababu inaweka mashine mahali pa uchambuzi.

Kwanza, kazi. Lita moja ya mafuta ya mbono inataka kilo 4 hadi 5 za mbegu. Kama mtu mmoja anavuna na kubangua kilo 2 kwa saa, lita moja imekwisha kula saa 2 na zaidi kabla kinu hakijazungushwa. Kwa desturi zetu saa hizo zitakuwa za nani? Za mama na watoto. Na pikipiki au trekta litakalotumia mafuta hayo ni la nani? Mradi unaohesabu lita bila kuhesabu saa za mama ni unyonyaji ndani ya nyumba, hata kama ungeitwa wa ushirika.

Pili, mti wenyewe. Ilienezwa kwamba mbono husitawi katika ardhi mbovu bila maji. Kuishi si kuzaa. Katika ardhi kavu mti huishi na kuzaa kidogo. Ili uzae vizuri unataka maji na mbolea, na hapo unagombana na mahindi. Si mashamba makubwa ya Kisarawe na Kilwa peke yake yaliyoangushwa na uongo huo. Hata kampuni ya Diligent ya Arusha, iliyonunua mbegu za wakulima wadogo pasipo kuwanyang'anya ardhi, haikudumu.

Tatu, chakula. Nazi, alizeti na mawese ni mafuta ya kula, na nchi yetu bado inaagiza mafuta ya kula kutoka nje. Kuyamimina kwenye injini huku tukinunua mengine Asia ni kuziba tundu moja kwa kutoboa jingine. Isitoshe minazi ya pwani yetu imepunguzwa sana na ugonjwa wa kunyong'onyea.

Nne, methanoli. Kijiji kinachokamua mafuta yake lakini kinangoja pipa la methanoli kutoka bandarini kimebadilisha bwana tu.

Njia iliyo sahihi

Je, tuseme basi dizeli ya mimea haifai? La. Tunasema ina mahali pake, na mahali hapo ni padogo, pa kienyeji, na chini ya amri ya wazalishaji wenyewe. TaTEDO ilipoweka Engaruka, wilayani Monduli, injini ya kijiji iliyoweza kutumia mafuta ya mbono, hoja yake njema haikuwa mafuta yenyewe. Ilikuwa kwamba injini moja yaweza kuhudumia watu wengi: kukoboa, kuchaji betri, kuwasha taa. Kwa Bagamoyo tunapendekeza misingi ifuatayo.

Kwanza, malighafi iwe kile ambacho hakinyang'anyi shamba wala sufuria: mbono wa uzio, na mafuta yaliyokwisha kukaangia katika mahoteli na vibanda vya chipsi vya mji, ambayo sasa hurudiwa mpaka yakawa meusi au humwagwa mitaroni. Injini nzito za mtindo wa zamani zitumie mafuta yaliyochujwa bila methanoli pale inapowezekana.

Pili, kinu kiwe cha ushirika, na daftari lake lisomwe mbele ya wanachama: mbegu za nani, saa za nani, lita kwa nani. Mashudu yake ni sumu kwa ng'ombe lakini ni mbolea; nayo yagawanywe kwa hesabu.

Tatu, hata hekta moja isitoke katika ardhi ya kijiji kwa ajili ya nishati. Mwenye kutaka mbegu azinunue kwa mkulima aliyebaki na shamba lake.

Mwisho tujikosoe. Mikutano mikuu ya vijiji iliyotoa ardhi haikuitishwa na Wazungu. Iliitishwa nasi. Sisi ndio tuliosimama chini ya mwembe tukasoma ahadi za visima kana kwamba ni mkataba, na tuliomwita mpinga maendeleo yule mzee aliyeuliza itakuwaje kampuni ikifilisika. Swali lake lilikuwa la kisayansi kuliko taarifa zetu zote. Azimio la Arusha la 1967 lilitufundisha kwamba maendeleo yanahitaji watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Katika vitu hivyo vinne hamna mwekezaji, wala hamna mashine. Kada atakayeletewa kesho mradi mwingine wa nishati, uwe wa miwa, wa mbono au wa jua, aanze kwa swali la mzee yule, na asikae chini kabla halijajibiwa kwa maandishi.