Mto Usio na Soko: Kazi na Maji katika Picha za Mandhari za Lubumbashi

Anayechunguza picha zilizochorwa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi katika miaka ya 1970, juu ya kitambaa cha magunia ya unga, hukimbilia ile ya «Colonie belge», yenye askari na kiboko. Picha ya mandhari hupitwa kama pambo tu: jua linatua, michikichi imesimama ukingoni, mvuvi yumo mtumbwini, mama anatwanga. Sisi tunaona imeonewa.

Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian, katika makala yao ya 1976, walieleza kwamba picha hizo zilithaminiwa kwa ukumbusho wake. Neno hili lataka jicho la mwanaisimu. Halikuzaliwa na kukumbuka, bali na kukumbusha, kitenzi cha kusababisha. Picha basi haiweki jambo akibani. Inamfanyia mtazamaji kitu. Inamkumbusha nini, na inamsahaulisha nini?

Mvuvi wake huvua peke yake. Hapana mwenye kupima samaki, hapana barafu wala lori. Luapula tunaoujua katika historia haukuwa hivyo. Wakati wa ukoloni, wafanyabiashara wa Kigiriki wa Kasenga walinunua samaki na kuwapeleka Élisabethville, chakula cha wafanyakazi wa Union Minière. Mpumbu alivuliwa kupita kiasi, hata mwishoni mwa miaka ya 1940 akaadimika vibaya. Mtumbwi ulikuwa ukilisha mgodi. Mchoraji amekata kamba iliyoviunganisha.

Kuuita uongo ni haraka. Picha hiyo ilitundikwa sebuleni mwa watu ambao siku yao ilikatwa vipandevipande na king'ora cha kiwanda. Walichotazama jioni ni kazi isiyo na msimamizi, kazi ya bankambo, ambayo mtu huianza na kuiacha kwa hiari yake. Kampuni haikuchorwa, lakini imeshitakiwa (na wenye kuinunua picha, nadhani, walilijua hilo kuliko wahakiki).

Udhaifu wake uko kwingine. Hiari hiyo amepewa mwanamume peke yake. Giza linaingia, mvuvi anarudi na mtumbwi wake, na mama angali kinuni, mgongo umeinama vilevile kutoka picha hadi picha, bila uso. Wasifuo utulivu wa mandhari hayo hawajasema ni utulivu wa nani.