Vichochoro vya Otonglo ndani ya Programu ya Kulipia

Nilitaka ramani ya vibanda vya maji vya Otonglo, pale kwenye barabara itokayo Kisumu kwenda Busia, pamoja na njia zinazofika kwenye kila kibanda. Njia sikuhitaji kuzichora upya, kwa maana watu wa kujitolea walikwisha kuziweka OpenStreetMap, ramani huria ya dunia. Programu niliyokuwa nayo ni ArcGIS Pro ya kampuni ya Esri ya Marekani, ambayo leseni yake hulipiwa. Je, data huria ikiingia kwenye programu ya mwenyewe, ni ipi inayoifunga nyingine?

Hakuna. Leseni ya OpenStreetMap, ODbL, imetumika tangu Septemba 2012, na inahusu hifadhidata peke yake. Haiulizi umeifungua kwa programu gani. Wengi wana hofu kwa sababu wamesikia habari za leseni ya GPL, lakini hiyo hugusa msimbo wa programu. Sufuria haiwi ya mwenye unga kwa kuwa ugali umesongewa humo.

Nilipakua data ya Kenya nzima kutoka Geofabrik, kampuni ya Ujerumani inayokata vipande vya OpenStreetMap kila siku. Nilichukua ya shapefile, muundo ambao Esri wenyewe waliuchapishia maelezo mwaka 1998. Ndiyo maana hata QGIS, programu ya bure, inausoma. Una usumbufu wake: jina la safu halizidi herufi 10. Nikakata eneo la Otonglo, kisha nikafungua tabaka jipya la vibanda nilivyovipima kwa GPS ya simu.

Tabaka hilo jipya ndilo lililoamua kila kitu. Vibanda vikikaa kwenye faili yake na njia kwenye yake, leseni inaziona kama hifadhidata mbili zilizowekwa pamoja, na vibanda vinabaki vyangu. Lakini nikiingia kwenye tabaka la njia nikanyoosha kona ya kichochoro, nikajaza majina yaliyokosekana, nimezalisha hifadhidata mpya kutokana na ya kwanza. Ikibaki kwenye kompyuta ya ofisi, sidaiwi. Nikiitoa hadharani, hata kwa sura ya ramani tu, anayeipokea ana haki ya kupata data iliyo nyuma yake, au faili ya mabadiliko niliyofanya, chini ya ODbL ileile. Na nikiifungia ndani ya aplikesheni yenye kufuli, sharti nitoe na nakala nyingine isiyo na kufuli.

Ramani iliyochapishwa kwenye karatasi ni jambo jepesi zaidi. Unaweza kuiuza, ukaipa leseni unayotaka, mradi pembeni uandike kwamba data imetoka OpenStreetMap na iko chini ya ODbL. Nimeona ramani nyingi zisizo na mstari huo, na inaniuma. Kibera ilikuwa doa tupu kwenye OpenStreetMap hadi mwaka 2009, vijana wa mtaa walipopita vichochoroni na GPS mkononi katika mradi wa Map Kibera. Mstari ule mdogo ndio malipo pekee wanayodai watu kama wao.

Kuna pia safari ya kurudi, na hapa ndipo pa kuwa mwangalifu. Si kila picha ya setilaiti unayoiona chini ya tabaka zako unaruhusiwa kuifuatisha na kuipeleka OpenStreetMap. Microsoft waliruhusu picha za Bing mwaka 2010, na Esri wakaruhusu za kwao mwaka 2017. Za Google hazina ruhusa hiyo, hata zikiwa wazi kiasi gani.

Otonglo nilikuta njia chache zilizopinda mahali pasipostahili. Sikuzigusa ndani ya ArcGIS. Nilizirekebisha kwenye OpenStreetMap yenyewe, nikasubiri Geofabrik watoe kipande kipya, nikapakua tena na kubadilisha tabaka lote la njia. Marekebisho yakawa ya kila mtu, na faili ya vibanda haikuchanganyika na kitu.