Tembo wa Tabora kwenye Mzani wa Geita

Msisimko wa mkusanyaji aliyepata kitu ambacho hakitengenezwi tena hauelezeki kwa uzito wa madini yaliyomo, na katika ukanda wa dhahabu wa Geita na Shinyanga, ambako kila kitu cha njano huulizwa kwanza gramu na asilimia, msisimko huo huonekana kama kichaa cha watu wenye fedha za ziada. Mfano unaofaa kuchambuliwa haupo mbali: ni sarafu ya dhahabu ya rupia 15 iliyofuliwa Tabora mwaka 1916, yenye tembo aliyeinua mkonga upande mmoja na tai wa dola ya Ujerumani upande wa pili. Mnunuzi wa dhahabu ataona ndani yake gramu chache za karati 18, yaani mchanganyiko wenye sehemu 750 za dhahabu katika kila 1,000, lakini mkusanyaji hulipa mara kadhaa ya bei hiyo, na sababu yake inajulikana tu kwa kufuata jinsi sarafu yenyewe ilivyotengenezwa.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914, manowari za Uingereza ziliifunga pwani ya koloni la Kijerumani la Afrika Mashariki, hivyo fedha kutoka Ujerumani zikaacha kufika kwa utaratibu, na watawala wakalazimika kuchapisha noti za muda ndani ya koloni kwa karatasi yoyote iliyopatikana. Noti hizo hazikuaminiwa sana. Palihitajika fedha ya metali, na Tabora ilikuwa na vitu viwili ambavyo miji mingine ya bara haikuwa navyo kwa pamoja: karakana ya reli, kwa kuwa Reli ya Kati ilikuwa imefika hapo mwaka 1912, na njia ya kupata dhahabu ya mgodi wa Sekenke, ulioko Iramba katika mkoa wa sasa wa Singida. Kazi ilisimamiwa na mhandisi wa migodi Friedrich Schumacher, ilhali mihuri ilichongwa na sonara Msinhala kutoka Ceylon, nchi ambayo leo ni Sri Lanka. Mihuri ni vipande viwili vya chuma kigumu vyenye picha iliyochongwa kinyume, ambavyo kidonge tupu cha dhahabu huwekwa katikati yake na kukandamizwa kwa nguvu kubwa hadi metali iingie katika kila mfereji wa mchoro.

Kukandamiza huko ndiyo hatua inayotazamwa zaidi, lakini ugumu ulikuwa katika hatua za kabla yake. Dhahabu ilipaswa kuyeyushwa na kuchanganywa kwa uwiano usiobadilika, kisha kufanywa bamba lenye unene uleule kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa sababu bamba likizidi unene hata kwa sehemu ndogo ya milimita, vidonge vitakavyokatwa humo vitazidi uzito. Mafundi waliozoea kutengeneza vipuri vya garimoshi walifanya kazi hiyo hadi kufikia sarafu 16,198, ambazo kwa hesabu ya kawaida zilimeza takriban kilo 87 za dhahabu safi.

Katika uzito wenyewe mna jambo la kuchekesha kidogo. Katalogi huandika gramu 7.168, na hiyo ndiyo tarakimu ileile ya dhahabu safi iliyokuwamo katika sarafu ya Kijerumani ya mark 20, ambayo kwa kiwango rasmi ilikuwa sawa na rupia 15. Katika sarafu ya Tabora, hata hivyo, gramu 7.168 ni uzito wa mchanganyiko wote, na dhahabu safi ni gramu 5.376 tu. Serikali iliyojaa wasiwasi ilijibakizia robo.

Kwa anayetaka kuihakiki, kipimo cha maji kinachojulikana na wanunuzi wengi wa dhahabu kinatosha kuanzia. Glasi ya maji huwekwa juu ya mzani wa kielektroniki na mzani kurudishwa kwenye sifuri. Kisha sarafu, ikiwa imefungwa kwa uzi mwembamba, huteremshwa majini bila kugusa kitako wala ukuta wa glasi, na namba inayotokea ni ujazo wa sarafu kwa sentimita za ujazo. Karati 18 iliyochanganywa na fedha na shaba ina msongamano, yaani uzito wa kila sentimita ya ujazo, wa kati ya gramu 15 na 16, kwa hiyo sarafu halisi itaonyesha takriban 0.45 hadi 0.48. Shaba njano iliyopakwa dhahabu, ikinenepeshwa ili ifikie uzito, itaonyesha zaidi ya 0.8, na ikiachwa na ukubwa wa sarafu halisi itakuwa na takriban gramu 4 tu. Mashine za miale ya eksirei zinazopima usafi wa dhahabu husoma tabaka la juu tu, kwa hiyo maji hayapaswi kudharauliwa kwa sababu ni ya bure.

Maji nayo yana mpaka wake, kwani sonara yeyote mwenye karati 18 anaweza kumimina sarafu ya bandia itakayopita kipimo hicho bila shida. Hapo ndipo elimu ya utengenezaji inaposhinda elimu ya madini. Sarafu iliyokandamizwa huwa na herufi zenye kingo kali na uwanja uliobanwa ukang'aa, lakini iliyomiminwa kwenye kalibu huonyesha, chini ya lenzi, vitundu vidogo kama vya mkate na kingo zilizolegea. Tena, mihuri ya upande wa tai ilikuwa ya aina mbili: katika moja nakshi iliyojipinda upande wa kulia huishia chini ya herufi T ya neno OSTAFRIKA, na katika nyingine huishia chini ya A ya kwanza. Mkusanyaji hutafuta zote mbili, na mwenye kughushi asiyejua tofauti hiyo huweza kuzichanganya.

Saa za Uswisi huonyesha kwa nini kukoma kwa utengenezaji kuna uzito wa namna hii. Kronografu, yaani saa yenye mtambo wa kuanzisha na kusimamisha kipimo cha muda, ya Zenith El Primero ilitoka mwaka 1969, na mwaka 1975 wamiliki wa kampuni waliokuwa Marekani wakaamuru mitambo ya aina hiyo isitengenezwe tena. Fundi Charles Vermot alificha vifaa, mihuri na michoro darini mwa kiwanda huko Le Locle, na miaka ya 1980 uzalishaji ukarejea kwa kutumia vitu hivyohivyo. Tabora haikupata dari ya namna hiyo, kwa kuwa jeshi la Wabelgiji liliingia mjini tarehe 19 Septemba 1916 na rupia za Kijerumani hazikufuliwa tena.

Hasara kubwa zaidi kwa sarafu hizi, ukiacha zile zilizoyeyushwa, hutokana na nia njema. Sarafu iliyotiwa kikonyo ili ivaliwe kwenye mkufu hubaki na kovu la kulehemu ukingoni hata kikonyo kikiondolewa, na iliyosuguliwa kwa majivu au dawa ya meno ili ing'ae mbele ya mnunuzi hupoteza ule uwanja uliobanwa na mihuri, ambao hauwezi kurudishwa na fundi yeyote, ingawa mzani wa Geita utaendelea kusoma uzito karibu uleule.