Ndege Bila Injini Imeingia Majengo, na Bado!

Weka chini chochote ulichoshika. Weka! Nimetoka kuishika sasa hivi, vidole bado vina vumbi jeupe la msasa, na lazima nikwambie kabla sijapasuka: glaida, ndege ndogo isiyo na injini, inayoongozwa kwa rimoti, ile ya seti ya bei ya chini unayojiunganishia mwenyewe mezani, ni tamu, tamu, tamu mno, na sielewi kwa nini Eastlands nzima hapa Nairobi haijaichangamkia!

Ukifungua boksi, kwanza utadhani umepunjwa. Vipande vya povu gumu jeupe, ndugu yake lile linaloizunguka TV mpya kwenye katoni. Mkia, mabawa mawili, kiwiliwili chembamba, basi. Halafu unainua bawa. Ala! Mkono unaruka juu wenyewe, maana ulijiandaa kwa uzito ambao haupo. Jepesi kama chapati ya maji iliyosahauliwa unga! Unacheka peke yako. Unaligonga kwa kucha, tok tok, linalia kavu. Unalipitisha shavuni, baridi, laini, lenye vipele vidogo vidogo visivyoonekana ila ngozi inavijua. Na bado! Hujaziona sevo.

Sevo ni vile vimota vidogo vya kuvuta mkia, kimoja cha kupandisha na kushusha pua, kingine cha kukata kona kushoto na kulia. Unaviunga kwenye risiva, unachomeka betri, unasukuma kijiti cha rimoti kwa kidole gumba, na mkia ule, kipande cha povu kilichokuwa kimekufa mezani dakika iliyopita, unatikisika: zzit! Unasukuma tena: zzit, zzit! Jamani, nilipiga kelele. Jirani yangu, fundi wa simu aliyenisaidia kulehemu waya kwa mkono usiotetemeka hata chembe, aliweka chini kibano chake akaniomba rimoti. Hakuirudisha upesi.

Sasa nikwambie utamu wenyewe uko wapi, kwa sababu wengi wanadhani uko kwenye boksi. Wapi! Seti ya bei rahisi inakuja na udhaifu wake waziwazi: mabawa yanapinda ukiyabonyeza, ukingo wa mbele una mikwaruzo ya kiwandani, waya za mkia zinalegalega. Na hapo ndipo Majengo inapoishinda mitaa yote ya matajiri! Kila dawa ya ugonjwa huu iko mwendo wa miguu. Bawa linapinda? Vijiti vya mishikaki! Vile vya mwanzi, vyembamba, vinavyouzwa kwa fungu. Chora mfereji mwembamba chini ya bawa kwa wembe, lalisha vijiti ndani vikipishana ncha, paka gundi, funika kwa selotepu. Subiri ikauke. Kisha bonyeza. Haipindi! Bawa lile lile lililokuwa likiyumba sasa limekaza, limenyooka, lina kiburi.

Ila angalia gundi, rafiki yangu. Supa gluu ya kawaida, ile ya kichupa kidogo, hula aina nyingi za povu jeupe, inalitafuna mpaka shimo. Gundi nyeupe ya mbao inachelewa kukauka lakini haina ubaya, na ile ya kuyeyushwa kwa moto inashika haraka ajabu ingawa inaongeza uzito. Mimi naipenda nyeupe. Kuchelewa kwake kunakupa nafasi ya kupangusa, kusogeza, kuchungulia kwa jicho moja kama bawa la kushoto linalingana na la kulia, kupangusa tena.

Waya za mkia zinalegalega? Tafuta mrija wa soda. Pitisha waya ndani yake, gandisha mrija kwenye kiwiliwili kwa urefu wake wote, na ghafla kila unachokiamuru kwa kidole kinafika mkiani kizima, hakipotei njiani. Spoku ya baiskeli usiguse, ni nzito mno kwa kindege hiki. Uzi wa gitaa wa chuma unafaa zaidi. Na ukingo wa mbele, lo, ukingo wa mbele! Msasa laini, taratibu, ukisugua upande mmoja, mpaka pale penye kona patokee mviringo. Juu yake selotepu moja ndefu isiyo na kunyanzi. Pitisha kidole. Hewa itapita hapo hapo kilipopita kidole chako, na kila kibonge unachokisikia, na yenyewe itakisikia.

Na bado! Siri kuu inagharimu shilingi tano. Sarafu! Glaida haina injini ya kuiburuta, inateremka hewani kwa uzito wake yenyewe na kugeuza mteremko huo kuwa mwendo, kwa hiyo mahali uzito unapokaa ndipo uhai wake ulipo. Iinue kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa, kiasi cha theluthi moja ya upana wa bawa kutoka mbele. Ikiinamisha pua kidogo tu, safi kabisa. Ikikalia mkia, ole wako: ukiirusha itainua pua, itasimama hewani kama inafikiria, kisha pu! Basi chukua ile sarafu mpya ya 2018 yenye kifaru, igandishe puani kwa selotepu, irushe tena. Siamini hata ninavyosimulia. Kifaru anakaa puani na ndege inaelea! Isogeze sarafu nyuma upana wa ukucha, mwendo wote unabadilika, inapunguza kasi, inakaa juu muda mrefu zaidi. Isogeze mbele, inakuwa na haraka, inachapa. Kipande cha chuma cha kununulia peremende kimekupa ndege mbili tofauti.

Majaribio haya ya kurusha kwa mkono, bila umeme wowote, niliyafanyia ndani ya ukumbi. Watoto wakajaa madirishani. Mmoja akauliza, "Anko, inaenda na nini?" Nikamwambia inaenda na hewa. "Hewa pekee? Acha!" Wakataka kurusha wote, na wote wakarusha kwa nguvu za kutupa mawe, mpaka msichana mmoja mdogo akaiachia tu, polepole, pua ikitazama chini kidogo, nayo ikavuka ukumbi mzima ikakaa sakafuni kwa tumbo. Kimya. Kisha makofi! Mama wa viazi karai, mlangoni, akakumbusha: "Hiyo ndege yenu ikiangukia karai langu, mtakula mkiwa mmelipa."

Hapo mtaani, hata hivyo, usiirushe nje kabisa, na hili nalisema bila utani. Moi Air Base iko papo hapo Eastleigh, na ni ya jeshi. Uwanja ule ndio uliokuwa uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi kabla ya ule wa Embakasi kufunguliwa mwaka 1958, yaani anga ya Majengo ina wenyewe tangu zamani. Tena kuna kanuni za mwaka 2020 za vyombo vinavyoruka bila rubani, kwa hiyo ulizia kwanza kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, ujue unatakiwa nini. Haya, tuendelee, moyo unanidunda.

Tuliibeba mpaka nje ya jiji, upande wa Ngong, kwenye shamba la wazi ambalo mwenyewe alituruhusu. Unajua milima ile, yenye mitambo mirefu ya upepo mgongoni. Hawakuiweka pale kwa urembo! Upepo wa mashariki unafika, unaugonga mteremko, hauna pa kwenda ila juu. Na glaida inachotaka duniani ni hewa inayopanda tu. Nikaielekeza upepo, nikaiachia. Haikushuka. Haikushuka! Ilisimama pale mbele yangu, juu ya kichwa changu, ikatetemeka kidogo, ikaanza kupanda, bila injini, bila kelele, bila chochote, na gumba langu kwenye kijiti likagusa kidogo tu kushoto nayo ikalala kwa bawa ikazunguka taratibu, nyeupe, ikimetameta jua lilipoipata. Sauti pekee ni sss nyembamba inapopita karibu. Nilikuwa nimeacha kupumua.

Na kuna kitu hakuna aliyeniambia: ndege inakuongelesha! Bawa moja likiinuka lenyewe wakati hujagusa kitu, upande ule kuna hewa ya joto inayopaa. Igeuzie huko, zunguka ndani yake, unapanda zaidi. Ndiyo kazi ya wale mwewe wa Gikomba mchana kutwa, wanaozunguka bila kupiga bawa hata mara moja. Mabati yanachemka juani, hewa juu yake inapata moto na kuinuka, na mwewe anaipanda bure. Hata yale makongoti, madege makubwa yenye upara yanayokaa kwenye miti ya karibu na Nyayo Stadium, yana uzito wa ajabu lakini yakishaipata hewa hiyo yanapaa juu kwa starehe. Tangu nirushe hii kitu sitembei tena Pumwani nikitazama mbele. Natazama mwewe. Nimegonga mkokoteni.

Na kuongoza ndege kwa redio si jambo la jana: Walter na William Good, ndugu wawili wa Marekani, walirusha ndege yao ya kuongozwa kwa redio, Guff, mwaka 1937, na leo iko kwenye makumbusho ya Smithsonian. Hao ilibidi wabebeshe ndege vifaa vya redio vya wakati ule, vizito, vikubwa. Wewe risiva yako inapotea ukiifumba kiganjani! Na kwa upande wa pesa, povu lenyewe ni bei ya mchezo. Gharama iko kwenye rimoti, na rimoti moja itakuongozea ndege baada ya ndege baada ya ndege. Ikivunjika pua, gundi. Ikivunjika bawa, kijiti kingine cha mshikaki na gundi. Yangu ina makovu sasa na inaruka vizuri kuliko ilipotoka kwenye boksi, naapa.

Na bado! Sijakugusia ile aina ya kurushwa kwa kuzunguka, unaishika ncha ya bawa, unajizungusha mwili mzima kama mrusha kisahani wa Olimpiki, unaachia, nayo inafyatuka kwenda juu kupita ghorofa. Bawa lake linataka ugumu mkubwa zaidi, mkia wake wepesi zaidi, na kijiti cha kushikia pale kwenye ncha. Fundi wa simu ameshachora umbo lake nyuma ya kalenda. Mimi nimeshanunua mishikaki, mafungu mawili, na nyama hakuna. Wewe njoo na wembe mpya.