Mbolezi ya Mashine: Kuisikiliza Kompyuta Kutoka Makina

Katika fasihi simulizi ya Kiswahili, mbolezi ni wimbo wa kumlilia marehemu. Utanzu huu una masharti mawili ambayo aghalabu hatuyataji kwa kuwa yanajieleza: pawe na aliyekufa, na pawe na mwombolezaji aliyemjua. Makala haya yanakusudia kuutumia utanzu huo kuzipima kazi mbili za muziki zilizotokana na sauti iliyofichika ya mitambo: IBM 1401, A User's Manual ya Jóhann Jóhannsson wa Iceland (2006), na Natur ya Joseph Kamaru wa Nairobi, ajulikanaye kama KMRU (2024). Hoja yetu ni kwamba ya kwanza ni mbolezi kamili. Na kwamba ya pili, kwa kukataa kuwa mbolezi, inakaribia zaidi maisha ya mashine kama yanavyojulikana katika mtaa kama Makina, Kibera.

Tuanze na Iceland. Kompyuta ya IBM 1401 iliwasili huko mwaka 1964. Baba yake mtunzi, Jóhann Gunnarsson, ndiye aliyekuwa mhandisi mkuu wa kuitunza. Kumbukumbu ya mashine hiyo ilitoa mawimbi ya sumakuumeme, na redio iliyowekwa karibu nayo iliweza kuyanasa. Kwa kuipangia programu mahususi, mhandisi huyo aliifanya kompyuta iimbe. Ilipoondolewa kazini mwaka 1971 iliagwa kwa hafla, na sauti yake ikahifadhiwa kwenye kanda. Zaidi ya miaka 30 baadaye mwana alizichukua kanda za baba akazitungia muziki wa ala za nyuzi, kwanza kwa ajili ya densi ya Erna Ómarsdóttir, kisha kwa okestra.

Kwa upande wa fani, kazi hiyo ina sehemu tano. Nne za mwanzo zinabeba majina ya viungo vya mtambo: kichakataji, kichapishi, kisoma kadi na kiendesha utepe. Katika sehemu ya pili tunasikia sauti ya mtu akisoma maelekezo ya matengenezo, bila hisia yoyote, huku nyuzi zikipanda polepole nyuma yake. Hapa ndipo penye ufundi mkubwa wa mtunzi: huzuni haimo katika maneno bali katika pengo lililopo kati ya maneno makavu na ala zinazolia. Hata hivyo, kadiri kazi inavyosonga mbele, okestra inaifunika sauti nyonge ya mashine. Mwombolezaji anasikika kuliko marehemu. Si ajabu, kwani kwa hakika anayeliliwa ni wakati wa baba, na mashine ni jeneza lake.

Ikumbukwe kwamba kuimba kwa kompyuta hakujawahi kuwa jambo lisilo na mwenyewe. Mwaka 1951, BBC iliporekodi muziki wa kompyuta ya Ferranti Mark 1 huko Manchester, wimbo mmojawapo uliochezwa ulikuwa ule wa kumwombea mfalme wa Uingereza. Mwaka huo Kenya ilikuwa bado koloni la mfalme huyohuyo. Mashine, basi, huimba nyimbo za nyumba iliyoiweka. Ya Manchester iliimba dola. Ya Iceland iliimba wimbo wa nchi yake.

Je, mashine za kwetu ziliimba nini? Miongoni mwa taasisi za kwanza kutumia kompyuta nchini Kenya, katika miaka ya 1960, ilikuwa reli, na njia ya reli inapita ndani ya Kibera hadi leo. Lakini msikilizaji aliyeko Makina, mtaa wenye mizizi ya Wanubi, hakuijua mashine kwa njia ya ofisi hizo. Aliijua mezani pa fundi wa redio. Hapo mashine haistaafishwi wala haifanyiwi hafla. Ikifa, spika yake hutolewa ikatiwa katika nyingine, waya zake zikaokoa ya tatu. Sharti la kwanza la mbolezi halitimii, kwa maana marehemu hapatikani. Ametawanyika katika walio hai.

Ni katika muktadha huu ambapo Natur inapata uzito wake. KMRU, aliyehamia Berlin kutoka Nairobi, anatumia vifaa vya kunasa mawimbi ya sumakuumeme, yaani jamii ileile ya sauti aliyoinasa Gunnarsson kwa redio yake. Tofauti ni kwamba mitambo anayoisikiliza haijafa. Inaendelea kunguruma kandokando ya sauti za mazingira. Kazi yenyewe ni kipande kimoja kirefu kisicho na sehemu, hakina wimbo, hakina okestra ya kutufariji. Hakuna anayeagwa. Tunaweza kuiita ushuhuda wa jirani: mtu anayesikiliza kinachoendelea upande wa pili wa ukuta.

Pingamizi moja lafaa kujibiwa. Yaweza kudaiwa kwamba kazi isiyo na neno wala wimbo haina dhamira, na kwamba asiyesoma maelezo hatatambua Nairobi ni ipi na Berlin ni ipi. Dai la pili lina ukweli, na ni gharama: mtu mwenye jina, kama baba yule mhandisi, hayumo. Lakini dhamira haikosekani. Katika Temporary Stored (2022), KMRU alitumia rekodi za sauti za Kiafrika zilizomo katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, na kuuliza nani anamiliki sauti iliyohifadhiwa. Natur inalipeleka swali hilohilo kwa sauti ambazo hakuna aliyefikiri kuzihifadhi.

Kwa kuhitimisha, mbolezi ya Jóhannsson ni kazi nzuri, lakini uzuri wake unadai mtu awe na kanda za baba. Wengi wetu hatukuachiwa kanda. Uhakiki wetu ukingoja mashine yetu ife na iagwe rasmi ndipo uisikilize, utangoja sana. Fundi wa Makina anaweka sikio kwenye spika mashine ingali inakoroma. Mhakiki naye hana budi kufanya hivyo.