Farumi Upande Mmoja: Boti ya Skii Inavyogeuzwa Kuwa Boti ya Wimbi

Boti ya kuvutia watu wa skii hupimwa kwa kile inachokiacha nyuma yake, na iliyo bora ni ile inayoacha kidogo. Katika mashindano ya kuzunguka maboya, mwanamume wa daraja la juu huvutwa kwa kilomita 58 kwa saa, akikata kutoka upande hadi upande, na kila anapovuka njia ya boti hukutana na tuta la maji. Tuta likiwa refu au gumu, skii inaruka, magoti yanakula pigo, na boya linalofuata linampita. Ndiyo maana wajenzi wa Marekani, tangu Correct Craft ya Florida ilipoanza kuuza Ski Nautique mwaka 1961, wamehangaika na umbo la tumbo la boti ili maji yakatwe na kurudiana kwa upole, kana kwamba hapakupita chombo.

Leo boti hizo hizo, zikiwa na miaka thelathini au arobaini, zinatakiwa kufanya kinyume. Katika mchezo wa kupanda wimbi la boti, mpandaji hushika kamba kwa muda mfupi tu. Akishasimama kwenye ubao na kulipata wimbi karibu na tezi, anaitupa kamba botini na kubaki akisukumwa na maji peke yake, kwa kasi ya kilomita 16 hadi 19 kwa saa. Boti mpya nyingi zilizoundwa kwa kazi hiyo zinauzwa zaidi ya dola 100,000, kwa hiyo wenye boti za zamani kwenye maziwa ya Minnesota, Texas au Florida wamejifunza kuzigeuza wenyewe. Wengi huanza kwa kupakia maji mengi kadiri boti inavyoweza kubeba. Naamini hapo ndipo wanapokosea. Wimbi zuri huja kwa kupanga maji yaingie nyuma ya boti kwa zamu, na uzito ni msaidizi tu wa mpango huo.

Nitaichukua Ski Nautique 2001, iliyoundwa katika miaka ya 1980, kuwa mfano. Urefu wake haufiki mita 6, uzito ni tani moja na ushee, na injini yake, V8 ya Ford ya lita 5.8, imekaa katikati. Shafti inashuka moja kwa moja kutoka kwenye injini hadi kwenye rafadha iliyo chini ya tumbo, mbele ya usukani. Mahali pa rafadha ndipo panapoamua kama boti inafaa au haifai. Boti yenye injini ya kuning'inia nyuma, au yenye mguu wa rafadha unaotokeza nje ya tezi, isitumiwe kabisa kwa mchezo huu. Mpandaji yuko mita mbili au tatu kutoka tezini, na akianguka mbele anaangukia visu. Hakuna mageuzi yanayoweza kuitengeneza kasoro hiyo.

Tuanze na kasi, maana ndiyo inayoeleza mengine yote. William Froude, mhandisi Mwingereza wa karne ya 19, alionyesha kwamba mawimbi ya chombo hutegemea uwiano wa kasi yake na kipeuo cha pili cha urefu wake. Kwa boti yetu ikienda kilomita 58 kwa saa, uwiano huo, ukihesabiwa pamoja na mvutano wa dunia, unazidi 2: chombo kimepanda juu ya maji na kinateleza, kimeliacha mbali wimbi lake chenyewe. Kwa kilomita 17 kwa saa uwiano ni kama 0.6, na hapo mambo hubadilika. Wimbi linalosafiri kwa kasi hiyo kwenye maji ya kina lina urefu wa karibu mita 14 kutoka kilele hadi kilele, zaidi ya mara mbili ya urefu wa boti. Omo inapanda juu ya wimbi lake la mbele, tezi inazama bondeni, na injini inasukuma boti kama mtu anayepanda mlima usiokwisha. Dereva wa skii hukipita kilima hicho kwa kuongeza mafuta asikae hapo hata dakika moja. Dereva wa wimbi anatakiwa akae hapo hapo mchana kutwa.

Hapo ndipo farumi inapoingia. Mabaharia wa majahazi yetu waliweka mchanga na mawe ngamani ili chombo kisilale upepo unapokipiga. Mgeuza boti wa Marekani anaweka farumi ili chombo kilale, tena kilale upande anaoutaka. Farumi yake ni mifuko minene ya plastiki inayojazwa maji ya ziwa kwa pampu ya umeme ya volti 12. Lita moja ni kilo moja, hivyo hesabu ni nyepesi. Pampu inayotoa lita 3,000 kwa saa hujaza mfuko wa kilo 340 kwa dakika saba hivi, na kurudi nyumbani maji yanamwagwa ziwani alikoyachota.

Mpangilio wa zamani ulikuwa mmoja: mfuko mkubwa kwenye pembe ya nyuma, upande ambao wimbi litapandwa, na abiria wote wakae upande huo. Anayetanguliza mguu wa kushoto kwa kawaida hupanda upande wa kushoto, anayetanguliza wa kulia hupanda kulia. Boti inalala, ukingo wa chini unachimba mtaro mrefu zaidi, na wimbi la upande huo linasimama. Mbinu hii hufanya kazi, na kwa miaka mingi hapakuwa na nyingine. Gharama yake nayo ni kubwa. Boti iliyolala huvuta usukani upande mmoja, dereva huchoka mkono, na ubavu uliozama hubakiza kimo kidogo tu juu ya maji.

Kosa la pili ni kusahau omo. Uzito wote ukiwa nyuma, wimbi linakuwa refu kwenda juu lakini fupi kwenda nyuma, lenye povu, na mpandaji hana nafasi ya kusogea kabla hajaachwa. Ukiongeza kilo mia moja au mia moja na hamsini mbele, au ukawaomba watoto wawili wahamie omoni, wimbi linapungua kimo kidogo na kurefuka, nao mgongo wake unakuwa safi. Tofauti hiyo inashangaza kwa mtu anayeiona mara ya kwanza, na haigharimu chochote. Boti yenye injini katikati ina faida hapa ambayo wenyewe hawaisemi sana: uzito wake wa asili umekaa katikati, kwa hiyo hujibu upesi kila mfuko unaposogezwa.

Badiliko kubwa lilikuja mwaka 2012, kampuni ya Malibu ilipoleta Surf Gate, bamba linalofunguka kwenye kona ya tezi. Ili kulielewa, fikiria shimo ambalo boti inaliacha nyuma yake. Maji ya kulia na ya kushoto hukimbilia kulijaza, yanagongana katikati, na mgongano huo ndio unaotoa rundo la povu. Bamba la kulia likitokezwa, maji ya kulia yanasukumwa nje na kuchelewa kidogo. Ya kushoto yanawahi kujikunja na kusimama kabla hayajagongwa, na wimbi la kushoto linatoka laini, lenye ukuta. Bamba, basi, hukaa upande ulio kinyume na wimbi. Wengi wanaojaribu mara ya kwanza huliweka upande wa mpandaji na kushangaa kwa nini wimbi limevunjika.

Mwenye boti ya zamani hahitaji mota wala kutoboa chochote. Analikata bamba kutoka kwenye plastiki nene, ya aina inayotumika kwa vibao vya kukatia nyama, lenye urefu wa kama kiwiko hadi ncha za vidole, analipa pembe ya kutokeza nje, na kulibandika ubavuni kwa vikombe vya kunyonya kama vile mafundi wa vioo wanavyobebea vioo vikubwa. Linakaa mwisho kabisa wa ubavu, sehemu yake ya chini ikiwa ndani ya maji boti inapotembea. Faibaglasi isafishwe kwanza, maana nta na ukungu wa ziwa huvifanya vikombe viachie. Lifungwe kamba pia, kwa kuwa likiachia bila kamba limepotea. Ubavu uliopinda sana kwenye kona huleta shida, na hapo afadhali bamba lisogezwe mbele kidogo kuliko kulilazimisha.

Bamba likishakuwepo, farumi inabidi ipangwe upya, na hapa ndipo wengi hukwama kwa mazoea. Boti haihitaji tena kulala sana. Mfuko wa kona unapunguzwa, mwingine unawekwa upande wa pili, na chombo kinakaa karibu sawa. Kwa boti ndogo ya zamani hiyo ndiyo zawadi kuu ya bamba: wimbi bora kwa maji machache, na ubavu unabaki juu.

Rafadha nayo iangaliwe. Yenye mwendo wa inchi 13 kinadharia husogea sentimita 33 kila mzunguko, hivyo kilomita 17 kwa saa zingehitaji mizunguko kama 860 kwa dakika. Boti iliyojaa farumi hudai zaidi ya mara mbili ya hiyo, kwa sababu rafadha inateleza majini huku injini ikipanda kilima cha Froude. Rafadha ya visu vinne yenye mwendo mfupi zaidi hushika maji vizuri na kuipunguzia injini mateso. Kasi isisomwe kwenye saa ya zamani inayotegemea shinikizo la maji, kwani kwa mwendo mdogo hudanganya. Simu yenye GPS inatosha, na nusu kilomita kwa saa inatosha kuliharibu wimbi au kuliponya.

Sasa mipaka, na hapa sina upole. Boti nyingi za umri huu zina mihimili ya mbao iliyofunikwa faibaglasi. Maji yakiingia kwenye tundu la skrubu, mbao huoza kwa siri, na sponji iliyo chini ya sakafu hulowa na kuongeza uzito usioonekana. Kabla ya mfuko wa kwanza, gonga mihimili kwa nyundo ndogo usikilize kama inalia wazi au imekufa sauti. Soma kibao cha uzito, ambacho sheria ya Marekani inakidai kwa boti zilizo chini ya futi 20. Maji ya farumi ni mzigo kama mzigo mwingine, na kila lita 75 ni mtu mmoja asiyepanda. Omo ya boti ya skii iko chini. Dereva akipunguza mwendo ghafla, wimbi lake mwenyewe humfikia na kuingia ndani, na pampu ya ngama isipofanya kazi safari imekwisha.

Hatari nyingine haionekani wala hainuki. Ni kuanzia modeli za 2010 tu ndipo Marekani ilipoziwekea injini za ndani viwango vya moshi vilivyozifanya zifungwe kichujio cha kupunguza sumu, na V8 ya zamani haina. Kaboni monoksaidi hutoka tezini, pale pale anapokaa mpandaji. Bomba linaloupeleka moshi chini ya maji, kuelekea rafadha, nalihesabu kuwa la lazima kuliko bamba lenyewe. Na asiwepo mtu anayening'inia kwenye jukwaa la nyuma injini ikiwaka. California ililipiga marufuku jambo hilo tangu mwaka 2005, baada ya vifo.

Ziwa nalo lina haki yake. Maabara ya St. Anthony Falls ya Chuo Kikuu cha Minnesota ilipima mawimbi haya mwaka 2022 na kupendekeza yafanywe zaidi ya futi 500, kama mita 150, kutoka ufukweni. Vermont iliifanya futi 500 kuwa sheria mwaka 2024, pamoja na kina cha angalau futi 20. Mifuko ikaushwe kabisa kabla ya kuhamia ziwa jingine, kwa kuwa kome wa pundamilia, walioonekana kwenye Maziwa Makuu ya Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980, husafiri wakiwa wachanga ndani ya maji yanayobaki.

Jioni bamba linabanduliwa, mifuko inamwagwa na kukunjwa, na rafadha ile ya visu vinne bado inavuta vizuri. Kesho yake alfajiri, ziwa likiwa shwari, boti ile ile inamvuta mtu wa skii kwa kilomita 58 kwa saa, na tuta analolivuka ni dogo kama lilivyokuwa ilipotoka kiwandani.