Maswali Kumi, Kisha Nani?

Wahakiki wetu husoma tenzi, riwaya na tamthilia, na dodoso huwaachia wauguzi. Hiyo ni hasara. Dodoso nalo lina msemaji, lina msemezwa, lina mpangilio na lina mwisho. Kwa kijana anayefungua simu usiku kutafuta msaada wa pombe na mawazo, linaweza kuwa maandishi ya kwanza kumwuliza jambo hilo bila kumzunguka. Programu nyingi za kujisaidia mtandaoni zina mlango wa namna hiyo: maswali ya pombe, maswali ya hali ya moyo, kisha masomo ya wiki kadhaa. Hapa nayasoma maswali hayo kwa umbo lake, nikimweka mbele msomaji mmoja wa kubuni: winga wa Kariakoo, miaka ishirini na ushei, ambaye humdaka mteja Mtaa wa Msimbazi, akampeleka duka la mtu mwingine na kuishi kwa cha juu.

Maswali ya pombe yanayotumika zaidi ni kumi, nayo hujulikana kwa kifupi cha AUDIT. Shirika la Afya Duniani liliyaunda miaka ya 1980 kutokana na utafiti wa nchi sita, Kenya ikiwamo, pamoja na Australia, Bulgaria, Marekani, Mexico na Norway. Kila jibu lina alama kati ya 0 na 4, jumla haizidi 40, na kuanzia 8 unywaji huhesabiwa kuwa wa hatari. Aliyelelewa na fasihi ya Kiswahili ataona mara moja kilichokosekana: hakuna mawaidha. Sisi tuna mapokeo marefu ya maandishi ya kumwongoza kijana. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alitunga utenzi wake mnamo 1858, akiwa mgonjwa, ili amwachie binti yake wosia. Shaaban Robert aliwatungia wanawe, binti akapata Utenzi wa Hati na mtoto wa kiume Utenzi wa Adili. Katika tenzi hizo msemaji ana cheo: ni mzazi, ameishi, analijua jibu kabla ya kuanza. Msemezwa ana nasaba, na kazi yake ni kusikiliza.

Dodoso limeing'oa ngazi hiyo. Msemaji wake hana umri, hana dini, hana uso. Haulizi kama kunywa ni vibaya. Anauliza mara ngapi. Asiyekunywa kabisa na anayekunywa mara nne au zaidi kwa wiki wamepangwa mstari mmoja, kwa herufi za ukubwa uleule, kila mmoja na kisanduku chake. Winga wetu amezoea kusikia pombe ikitajwa nyumbani kwa aibu, na msikitini au kanisani kwa moto. Kwake usawa huo wa visanduku ni jambo geni. Anaweza kusema kweli kwa sababu kweli yake ilikwisha kutengewa nafasi kabla hajafika. Hilo ni tendo la umbo, na nasaha zetu, pamoja na uzuri wake wote, hazilijui.

Mpangilio nao una akili. Maswali matatu ya kwanza ni hesabu tupu: mara ngapi, kiasi gani, mara ngapi kupita kiasi. Matatu yanayofuata yanaingia ndani: kushindwa kuacha ukishaanza, kushindwa kufanya ulichotarajiwa kufanya, kuhitaji pombe asubuhi ili siku ianze. Hilo la sita halihitaji maelezo Dar es Salaam. Watu huzimua, tena hadharani, bakuli la supu likiwa pembeni, na anayezimua hajioni mgonjwa. La saba ni majuto, la nane ni kusahau yaliyotokea usiku, la tisa ni majeraha. La kumi ndilo linalofanya jambo ambalo yaliyotangulia hayakuthubutu: linamleta mtu mwingine. Je, ndugu, rafiki au mhudumu wa afya amewahi kuingiwa na wasiwasi au kukushauri upunguze? Anaingia mwishoni kabisa, wala hapewi neno. Tunajua kwamba alihofu au alisema. Hatuambiwi alisemaje, wala aliyeambiwa alijibu nini.

Maswali hayo mawili ya mwisho hayana ngazi tano kama mengine. Yana tatu, na tukio lililopita zaidi ya mwaka mmoja bado lina alama 2. Hata aliyejibu mwanzoni kwamba hanywi kabisa anarushwa hadi hapo, aulizwe kuhusu jeraha na kuhusu ushauri. Umbo lisilohukumu, kumbe, halisahau.

Dodoso linayumba pale linapokutana na chupa. Kipimo chake ni kinywaji kimoja chenye gramu 10 za kilevi halisi. Bia ya nusu lita yenye nguvu ya asilimia 5 ina karibu gramu 20. Yaani chupa moja ya grosari ni vinywaji viwili vya dodoso, na swali la tatu, linaloulizia vinywaji sita kwa mkao mmoja, linazungumzia chupa tatu. Winga akisoma sita anaona chupa sita, na anajihesabia amesalimika. Konyagi ya asilimia 35 katika chupa ya mililita 200 inapita vinywaji vitano. Viroba vya pombe kali, kabla ya kupigwa marufuku Machi 2017, angalau vilikuja na kipimo kilichochapwa kwenye mfuko; gongo halina lebo. Mwongozo wa dodoso wenyewe unataka kipimo kifuate vinywaji vya mahali, na anayehoji ana kwa ana anaweza kuonyesha chupa kwa kidole. Simu nayo inaweza kuweka picha ya chupa. Ikitafsiri maneno peke yake, imeiacha hesabu Geneva, kwenye makao ya Shirika la Afya Duniani.

Kuna kikwazo cha ndani zaidi, nacho ni nafsi. Kila swali limeandikwa kwa nafsi ya pili umoja: wewe unakunywa, wewe unashindwa kuacha. Mezani, hata hivyo, hanywi mtu mmoja. Winga aliyeuza vizuri anatoa ofa. Aliyekosa mteja anapokea, na kesho zamu inageuka. Kukataa ofa ni kumkataa mtu, na mtu huyo ndiye atakayekunong'oneza asubuhi ni duka gani limeshusha mzigo mpya. Kuli wa bandarini na mpiga debe wa Gerezani wanaijua hesabu hiyo. Kwa kuwa dodoso halina nafsi ya kwanza wingi, haliwezi kuuliza swali ambalo hapa lina uzito kuliko idadi ya glasi: nani hununua? Yapo maandishi yaliyochagua nafsi nyingine. Hatua Kumi na Mbili za Alcoholics Anonymous, zilizochapishwa mwaka 1939 na zinazofuatwa leo katika soba hausi za Zanzibar, zimeandikwa kwa sisi, tena kwa wakati uliopita. Msomaji anakuta kundi limekwisha kutangulia, na kuacha pombe hakumwondoi mezani bila kumpa meza nyingine.

Upande wa moyo kuna PHQ-9, maswali tisa yaliyotungwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990, yenye jumla ya alama 27. Dodoso hili linaanza na kutofurahia mambo, linapita usingizi, uchovu na chakula, na linaishia kwenye mawazo ya kufa au kujidhuru. Mteremko huo umepangwa kwa upole: mtu anashuka hatua kwa hatua hadi anafika mahali ambapo asingekubali kuanzia. Tatizo linaonekana ukiziweka kurasa mbili pamoja. Ukurasa wa pombe kwa sehemu kubwa unahesabu mwaka mzima, ukurasa wa moyo unahesabu wiki mbili. Winga anayesema anakunywa ili apunguze mawazo ametamka sentensi moja yenye sababu ndani yake. Kurasa hizo zinaigawa, nusu huku na nusu kule, kila nusu na saa yake, na kiungo kilichobeba maana yote kinadondoka katikati. Hakuna kisanduku cha kwa sababu.

Swali la tisa la PHQ-9 ndilo linalopima umbo zima. Kwenye karatasi, mbele ya muuguzi, jibu lolote zaidi ya hapana lina mtu wa kulipokea: kalamu inasimama, mazungumzo yanaanza. Kwenye simu, swali hilohilo lina kitufe cha kuendelea. Na simu ya Tanzania haifichi jina, kwa kuwa tangu 2019 laini husajiliwa kwa alama za vidole. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Swali linaulizia mawazo, wala si jaribio, lakini kijana aliye peke yake na skrini hana wa kumfafanulia tofauti hiyo. Atajibu sifuri. Umbo litampongeza na kumpitisha ukurasa unaofuata.

Watafiti wa Australia walijaribu kuziunganisha kurasa hizo mbili. Programu yao, DEAL, ilitungwa kwa vijana wa miaka 18 hadi 25 wenye sonona na unywaji wa hatari kwa pamoja: masomo manne mtandaoni, wiki nne, mtu akijiongoza mwenyewe. Jaribio lake la vijana 104 lilichapishwa mwaka 2016. Kundi la kulinganishia lilipewa habari za kawaida za afya. Masomo yalipokwisha, waliosoma DEAL walikuwa wamepunguza huzuni na pombe kuliko wenzao. Miezi mitatu na sita baadaye tofauti hiyo haikuwapo tena, kwa kuwa wenzao walikuwa wamewafikia. Asiseme mtu kwamba programu ilishindwa: kumpunguzia kijana huzuni mapema si jambo dogo. Lakini msomaji wa umbo anaona kitu. Sura nne zenye mwanzo na mwisho zinaahidi kwamba tatizo nalo lina mwisho wa wiki ya nne, na baada ya hapo maandishi yananyamaza.

Mfano ulio karibu nasi umepangwa kinyume. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, watafiti wa Tanzania na wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani wameandaa huduma iitwayo Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Humfikia mgonjwa wa idara ya dharura aliyeletwa na jeraha. Muuguzi anakaa naye, wanazungumza kwa muda mfupi kwa Kiswahili kuhusu pombe, kuhusu jeraha lile, na kuhusu anachotaka kubadilisha. Ujumbe mfupi wa simu unafuata baadaye, kumkumbusha. Tazama mpangilio ulivyogeuka. Mtu aliyekuwa wa mwisho na bubu katika swali la kumi amekuja wa kwanza, na ana sauti: anaweza kumwita kijana mdogo wangu, kuuliza nani hununua, kuonyesha chupa, na kusubiri jibu la kwa sababu. Ujumbe ukiingia wiki zinazofuata unasomwa kwa sauti ya mtu anayejulikana. Hauhitaji bando, na kuanzia 2012 mradi wa Wazazi Nipendeni uliwazoesha wajawazito wa Tanzania kupokea ushauri wa afya kwa njia hiyohiyo.

Anayetaka kumwandikia winga wa Kariakoo programu ya kujisaidia abaki na visanduku, kwa sababu usawa wake ni zawadi ambayo mapokeo yetu hayakumpa. Abadilishe kipimo kiwe chupa. Aweke pombe na mawazo ukurasa mmoja, kwa saa moja. Kisha aandike skrini ya mwisho kabla ya zote, na skrini hiyo iwe na mtu: muuguzi atakayepiga simu, zamu ya kliniki ya Mnazi Mmoja au Muhimbili, kikundi kinachokutana siku inayojulikana. Programu inayoishia kwenye jumla ya alama imemwachia kijana kazi ngumu kuliko zote, ya kumtafuta mwenyewe mtu wa swali la kumi, na imemwachia saa ileile ambayo imetoka kumthibitishia kwamba hana nguvu za kutosha kuifanya.